Sumu za shambani: mkimleta mgonjwa, njooni na kopo lake

Tabibu wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi hii, nimekunywa chai ya rangi, usingizi umegoma. Naandika kabla hasira haijapoa.

Mimi ni tabibu wa chumba cha dharura katika hospitali moja ya wilaya hapa mkoani Tabora. Hospitali sitaitaja, na habari za mgonjwa nimegeuza mawili matatu asitambulike.

Jana kama saa tatu usiku iliingia bodaboda na mshikaki: dereva mbele, kijana wa miaka ishirini na kitu katikati, kaka yake nyuma amemkumbatia asianguke. Hawajashuka, tayari nasikia kifua. Kinabubujika kama mtoto anayepuliza mrija ndani ya glasi ya soda. Povu mdomoni na puani, machozi, suruali imelowa mbele na nyuma, jasho la kukamua. Nikafunua jicho: mboni imesinyaa, imebaki tundu la sindano. Na ile harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau, kama kitunguu saumu kilichomwagiwa mafuta ya taa.

Namuuliza kaka mtu, amekunywa nini?

"Dawa."

Dawa gani?

"Ya wadudu."

Wadudu gani?

"Wa shambani, daktari."

Ni sawa na kwenda polisi kuripoti mwizi ukasema ana miguu miwili.

Kisa chenyewe: dawa ilinunuliwa ya kupimiwa, ikatiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ikakaa dirishani. Kijana karudi kwenye tumbaku ana kiu, ndani giza, kapiga mafunda mawili ndipo akashtuka. Wakamtia vidole kooni atapike. Wakamnywesha maziwa karibu nusu lita. Wakakaa waone kama itatulia. Kuanzia funda la kwanza hadi kitandani kwangu ni saa mbili na nusu.

Sasa sikilizeni. Hiki tunachokiita kwa jina moja, "dawa ya wadudu", ndani yake kuna koo kadhaa zisizojuana. Kuna oganofosfeti na binamu zake karbameti: profenofosi, klorpirifosi, dimethoeti na wenzake. Kuna pairethroidi kama sipamethrini, ambazo mara nyingi ni pole kidogo. Kuna amitrazi ya kuogeshea ng'ombe, inayosinyaza mboni vilevile na kupunguza mapigo ya moyo, lakini haimwagi mate wala povu. Kuna parakwati ya magugu, inayochoma mdomo na kisha kukausha mapafu polepole, na hiyo hata oksijeni tunampa mgonjwa kwa kubana kwa sababu oksijeni inaichochea sumu. Kuna vidonge vya ghalani. Kila ukoo una njia yake, na ukikosea njia unapoteza dakika ambazo mgonjwa hana.

Kwa hiyo kopo lije. Chupa, pakiti, kipande cha lebo, chochote. Ukiogopa kulishika, lifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki. Ukishindwa kabisa, piga picha lebo kwa simu, hasa pale palipoandikwa kiambata chenyewe kwa maandishi madogo. Jina kubwa la biashara halinisaidii sana, majina ya biashara ni mengi kuliko makabila.

Huyu kijana nilimtibu kwa macho na pua. Maswali karibuni.

Kijana wa Ipuli

Nimekaa pale mbele kabisa. Kijana alipona?

Tabibu wa Zamu

Nimemwacha anapumua. Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana humu najua kuna wenzangu wa kada ya afya.

Mwilini kuna kimeng'enya chenye kazi ya kufuta ujumbe wa neva ukishafika. Neva inaiambia tezi "toa mate", tezi inatoa, kimeng'enya kinafuta ubao. Oganofosfeti inakikamata kile kimeng'enya. Ubao haufutwi. Tezi zote zinaendelea kumwaga, mate, jasho, machozi, na kubwa zaidi majimaji ya kwenye mapafu. Moyo unapunguza mwendo, misuli inachezacheza chini ya ngozi kama ina funza. Mtu anazama kwenye maji yake mwenyewe akiwa nchi kavu.

Dawa ni atropini. Haimfungui yule kimeng'enya, inaziba tu masikio ya tezi na moyo zisisikie kelele. Na hapa ndipo wengi tunapoumia. Tumezoea atropini ya ampuli moja, miligramu 1, mtu anaona mapigo yamepanda kidogo anaridhika. Kwa sumu hii unaanza na miligramu 1 hadi 3, unangoja dakika 5, unasikiliza kifua. Bado kinabubujika? Unapiga mara mbili ya ile ya kwanza. Bado? Mara mbili tena. Unachotafuta ni kifua kikavu, mapigo juu ya 80, presha ya juu ipite 80, kwapa likauke.

Jana tulikwenda 2, 4, 8, 16. Jumlisha: miligramu 30 ndani ya muda usiofika nusu saa. Ni ampuli 30. Kwenye kabati letu zilikuwa 22.

Sitasema nilichomwambia mwenye ufunguo wa stoo, ni mtu mzima na ana heshima zake. Tuligonga mlango wa zahanati jirani ya watu binafsi, wakatupa walizokuwa nazo. Ikatosha kukausha kifua. Baada ya hapo kuna dripu: kila saa unampa asilimia 10 hadi 20 ya kile kilichomkausha, yaani miligramu 3 hadi 6 kwa saa. Piga hesabu ya siku nzima uone ni maboksi mangapi. Alfajiri gari likaenda kuomba kwa majirani zaidi.

Asubuhi kifua kikavu, anaongea maneno yasiyo na kichwa na kuchuma vitu hewani. Hiyo sasa ni atropini imezidi kidogo. Tukasimamisha dripu mpaka akatulia, tukairudisha kwa kipimo cha chini.

Bin Igalula

Mkuu umeeleza vizuri lakini maziwa usiyaseme vibaya. Mimi mzee wangu mwaka wa nyuma alivuta dawa akipiga kwenye pamba kule Igunga, tukamnywesha maziwa ya moto, akatapika, akalala, asubuhi akaenda zake shamba. Hayo mabomba yenu ya hospitali yana nini cha zaidi? Wasukuma na Wanyamwezi tumekunywa maziwa tangu enzi za Mirambo.

Tabibu wa Zamu

Bin Igalula, heshima kwa mzee. Mzee alipona kwa sababu dozi ilikuwa ndogo na ilipitia ngozi na pumzi, angepona hata mngemnywesha uji wa ulezi. Maziwa hayajui kuitafuta sumu. Mafuta yaliyomo yanaweza hata kuisaidia kuingia, kwa kuwa nyingi za sumu hizi zinapenda mafuta. Na balaa lenyewe ni kwamba mtu mwenye usingizi mzito wa sumu akinyweshwa kitu, kinakwenda kwenye mapafu. Huyu wa jana nimefyonza maziwa kwenye koo lake, meupe kabisa. Akipata nimonia wiki hii nitajua ilianzia kwenye kikombe gani.

Kutapisha ni hivyohivyo. Dawa nyingi za maji zimeyeyushwa kwenye vimiminika jamii ya petroli. Ikirudi juu inapita njia panda ya koo, na tone likiingia mapafuni linachoma.

Mama Kulwa

Asante mwanangu kwa somo. Sasa utuambie sisi wa huku ndani ndani. Kutoka kwetu hadi barabara ya lami ni saa nzima kwa pikipiki, na kutoka hapo Urambo hadi Tabora mjini nako ni kama kilomita 90. Mtu akipatwa tusimpe kitu, tusimtapishe, basi tumtazame tu?

Tabibu wa Zamu

Shikamoo mama. Swali lako ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Mvueni nguo zote, msione haya. Nguo iliyolowa dawa inaendelea kumpa sumu njia nzima. Mwosheni kwa maji mengi na sabuni, nywele, kucha, nyuma ya masikio, kwenye mikunjo. Anayeosha avae glovu au hata mifuko ya plastiki mikononi, na pawe na hewa. Ikiingia jichoni ni maji tu, robo saa nzima, bila kuchoka. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, mdomo uelekee chini ili mate yatoke. Hata kwenye gari alale hivyo. Kwenye pikipiki kwa kweli ni shida, lakini asiinamishwe kichwa kidevu kikagusa kifua.

Zahanati ya njiani msiipite. Watu wanaiona ndogo wanaiacha, kumbe huenda ina ampuli kadhaa za atropini, na hizo kadhaa zinaweza kumfikisha kwetu akiwa hai. Mmoja abaki anapiga simu hospitali, waambieni mnakuja na nini. Mimi nikijua dakika 40 kabla, naanza kukusanya ampuli.

Dada wa Pembejeo

Mimi nina duka la pembejeo, nimesoma nikajiona natajwa kwa kupima dawa kwenye chupa za maji. Naomba niseme ukweli. Mkulima anakuja na shilingi elfu mbili. Chupa ya nusu lita haiwezi. Viwavijeshi vamizi vinamalizia mahindi yake leo, si mwisho wa mwezi. Nikimnyima atakwenda kwa jirani yangu, naye anapima kwa kifuniko na hana hata funeli. Mnatulaumu sisi, kwani hao wenye viwanda wanashindwa nini kufunga pakiti ndogo za bomba moja?

Halafu wateja wangu wengi lebo hawaisomi. Nimewafundisha rangi tu. Chini ya lebo kuna mstari: mwekundu ni kali kabisa, njano inafuata, bluu afadhali, kijani ndiyo pole kuliko zote. Ukimpimia kwenye chupa ya maji, mstari umebaki dukani kwangu. Hilo nakubali.

Tabibu wa Zamu

Dada, nimekusoma mara mbili. Hoja ya pakiti ndogo nakuunga mkono mia kwa mia. Kisheria kiuatilifu kinasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 ikachukua kazi za TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Ngaramtoni, na kinasajiliwa na lebo yake. Ukikihamisha chombo umekifanya yatima. Lakini sikubaliani kwamba kwa kuwa jirani anapima basi nawe upime kwenye chupa ya maji ya kunywa. Angalau isiwe chombo cha chakula. Na kipande cha karatasi chenye jina la kiambata kifungwe kwa mpira shingoni. Kalamu na raba bendi vinakugharimu nini?

Dada wa Pembejeo

Raba bendi nitafunga. Pakiti ndogo nyinyi wasomi ndio mzipiganie.

Mchuma Tumbaku

Daktari mimi swali tofauti. Tukichuma majani asubuhi na umande, au mvua imetoka kunyesha, ikifika jioni kichwa kinazunguka, natapika, jasho, tumbo linakata. Mke wangu anasema ni dawa ya kuzuia machipukizi. Lakini hiyo tulipiga wiki tatu nyuma. Watoto wanapata zaidi. Je ni sumu hiyohiyo?

Tabibu wa Zamu

Mkuu, swali zuri kuliko uzi wangu. Hiyo kwa maelezo yako ni nikotini ya tumbaku yenyewe. Iko kwenye jani, inayeyuka kwenye umande, shati likilowa inapenya ngozini. Wachumaji wa tumbaku duniani kote wanaijua. Mara nyingi inakwisha ndani ya siku moja au mbili ukitoka shambani, ukaoga kwa sabuni na kubadili nguo. Ukitapika mpaka hubakizi maji, njoo utundikiwe dripu.

Mtoto asiyevuta sigara mwili wake haujazoea, ndiyo maana wao wanaanguka kwanza. Watoto wasichume, kwisha habari. Wakubwa ngojeni umande ukauke, mvae mikono mirefu na koti la mvua, glovu zikipatikana. Na ukija hospitali sema "nimechuma tumbaku mbichi leo", maana kwa haraka tunaweza kudhani ni oganofosfeti tukakupiga atropini isiyo yako.

Mtu wa Usingizi

Salamu kwa wote. Mimi ni wa idara ya usingizi, nichangie dogo kwa wenzetu. Mgonjwa wa oganofosfeti akihitaji mpira wa kupumulia, kaeni mbali na suksametoniamu, ile dawa ya kulegeza misuli. Inavunjwa na kimeng'enya ndugu wa kile kilichokamatwa, kwa hiyo ile ya dakika chache inageuka ya saa kadhaa. Niliwahi kuitwa kwa mgonjwa "aliyegoma kuamka", kumbe alilegezwa saa tatu nyuma.

Na lile la zamani kwamba usimpe atropini mpaka oksijeni ipatikane, achaneni nalo. Kama oksijeni ipo mpe vyote. Kama haipo usiisubiri. Degedege likija, diazepamu.

Mleta uzi, pralidoksimu, ile ya kuibandua sumu kwenye kimeng'enya, mlikuwa nayo?

Tabibu wa Zamu

Tunayo kwenye vitabu, kaka. Majaribio yake yamepingana, wapo waliopata faida na wapo ambao hawakuona kitu, na ikichelewa kimeng'enya kinakuwa kimeshagandana na sumu, hakibanduki. Mimi nikipewa fedha ya kuchagua, nanunua atropini maboksi na mashine ya oksijeni.

Kijana wa Ipuli

Samahani kama naingia pabaya. Wapo wanaokunywa kwa makusudi. Ndugu wanaogopa kusema kwa sababu ya polisi. Hapo inakuwaje?

Tabibu wa Zamu

Hujaingia pabaya. Ni sehemu kubwa ya kazi yetu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa, na watu wanakijua bila kukisoma. Ndiyo maana naambiwa "amejikwaa akamwagikiwa". Mimi sitibu kesi. Kwetu mgonjwa anapokelewa, atropini inaingia, karatasi zinafuata baadaye. Nikidanganywa saa aliyokunywa au kiasi, anayeumia si polisi.

Nilichojifunza kwa kukaa na hawa vijana kitandani asubuhi yake: wengi jana walikuwa na ugomvi wa saa moja na chupa iliyo karibu. Akiamka wengi wanashukuru, wanalia, wanaomba maji. Kama chupa ingekuwa imefungwa kwenye kasha kwa kufuli huko stoo, ile saa moja ingepita. Mkiwa na mtu nyumbani amekata tamaa, msimwache peke yake, ondoeni dawa zote ndani ya nyumba leo, mleteni hospitali hata kama hajanywa kitu. Na akirudi kutoka kwetu msimsimange.

Nyuki Dume

Mimi mfugaji nyuki Sikonge. Mnazungumzia watu, sawa, lakini zikipigwa hizo dawa saa nne asubuhi maua yakiwa wazi mizinga yangu inalala. Pigeni jioni basi, na upepo umetulia, hata ninyi hamtaivuta. Ni hilo tu, endeleeni.

Mama Kulwa

Na vile vidonge vya mahindi mwanangu? Sisi magunia yanalala chumbani tunapolala, huko nje yanaibwa.

Tabibu wa Zamu

Mama, hapo nimeshtuka. Vile vidonge vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi. Ni nzito kidogo kuliko hewa, inakaa chini, mtoto aliyelala kwenye mkeka anaivuta kabla yenu. Harufu yake ni kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini aliyelala hanusi. Gesi hiyo haina dawa ya kuipindua. Atropini haifanyi kitu. Tunashika presha na moyo, basi.

Leo usiku msilale humo. Fungueni mlango na madirisha, lala chumba kingine, hata sebuleni kwa jirani. Magunia yakiibwa yanalimwa mengine. Na msimu ujao ulizeni mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS. Ukikausha mahindi vizuri na kufunga barabara, wadudu wanakosa hewa, kidonge cha nini.

Mama Kulwa

Tumetoka sasa hivi na wajukuu. Asante.

Tabibu wa Zamu

Mrejesho wa yule kijana, siku ya tatu.

Jana ndugu walikuja na mkeka na sufuria, wanataka kuondoka. Anakula, anacheka, mama mtu ananiambia "daktari mbona unatukalisha, mnatafuta hela". Nikagoma. Leo saa kumi na moja alfajiri muuguzi ananiita: mgonjwa hawezi kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Kifua kikavu, mboni sawa, hana mate hata kidogo. Shingo tu imelegea, kisha mabega, na anapumua kwa kifupi kifupi.

Ndiyo ile hali inayokuja kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, watu wakiwa wameshasherehekea. Misuli ya kupumua inachoka. Atropini hapa haina lake. Anahitaji mashine impumulie mpaka misuli irudi, na sisi mashine hatuna. Tumempumulia kwa mkono, mfuko wa kubana, tukipokezana watatu ndani ya gari la wagonjwa mpaka hospitali ya rufaa. Vidole vyangu hadi sasa havikunji vizuri, nisameheni makosa ya uandishi.

Kaka yake amekumbuka jana kupitia dukani. Amekuja na chupa halisi. Profenofosi, iliyochanganywa na sipamethrini.

Mtu wa Usingizi

Kazi nzuri. Mwambie mama mtu nimesema mimi: shingo kila baada ya saa nne. "Inua kichwa." Ndiyo kipimo cha bei rahisi kuliko vyote.

Tabibu wa Zamu

Siku ya nane. Wameanza kumpunguzia mashine. Kichwa anainua, anahesabu mpaka tano kinashuka.

Bin Igalula

Mkuu nimerudi, na sirudi na ubishi. Nimepita kwa bibi, nimechungulia uvunguni. Kuna chupa ya soda ina kitu cheupe kama maziwa, haina lebo, hakumbuki ni ya mwaka gani. Nimwage chooni?

Tabibu wa Zamu

Usimwage chooni wala mtoni wala usichome. Usiifungue kunusa. Ikaze kifuniko, iweke ndani ya chombo kingine kinachofunga, andika SUMU kwa herufi kubwa, weka juu mbali na watoto, kisha umtafute afisa ugani wa kata akwambie pa kuipeleka.

Bin Igalula

Tayari. Nimeitia kwenye ndoo yenye mfuniko, nimeandika SUMU pande zote mbili kwa makapeni. Bibi amekuja juu, anauliza kwa nini nimechafua ndoo yake ya maziwa.

Mama Kulwa

Wewe Bin Igalula! Ndoo ya maziwa?

Bin Igalula

Naenda dukani kununua nyingine, mama. Hiyo nimemwambia aisahau.